Makarani Saba kwa Diski Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku njema sana. Nimepata kazi ambayo Restuta hakuipata!

Saa nne asubuhi aliingia Bi Damyanti, yule mama wa duka la vitambaa kule mjini. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akafuta vumbi usoni. Upepo wa Juni hapa Makole hauna adabu. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha diski moja ya CD.

Mumewe, marehemu Kishan, alirekodi sauti yake mwaka 2006 akiwa mgonjwa, miezi miwili kabla hajafariki. Ni maneno ya kumwambia mjukuu wake Krina siku atakayoolewa. Wakati huo Krina alikuwa na miaka mitano. Sasa anaolewa Jumamosi hii. Diski haijawahi kusikilizwa na mtu yeyote. Hakuna nakala nyingine. Na kompyuta ya Krina ni ya kisasa, nyembamba, haina hata pa kuingizia CD.

Anataka sauti ihamie kwenye flashi ili isikike ukumbini. Alikiri kwamba alikuwa akielekea kwa Restuta, ng'ambo ya barabara, ila upepo ulimzidi akaingia mlango wa karibu. Sikuulizia zaidi. Nikasema inawezekana. Nilisema kabla sijafikiri, lakini nilisema kwa sauti ya ofisi.

Huyu Restuta ni binti wa miaka ishirini na saba, anatengeneza simu na kompyuta. Wiki iliyopita katundika bango linalowaka taa. Mimi nina miaka thelathini na moja ya masjala wizarani, cheti cha kustaafu kipo ukutani, na duka langu la steshenari lina kompyuta yenye mtambo wa CD, niliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya serikali. Yeye ana bango. Watu wanakwenda kwake. Sielewi.

Nimefungua jalada: GS/CD/01. Nikaingiza diski. Taa ikawaka, mtambo ukavuma, na kompyuta ikaonyesha kapicha ka CD. Vizuri. Nikafungua programu yangu ya kunakili. Ikaandika kwamba haioni mtambo wowote wa CD.

Nikainama kutazama. Mtambo upo. Taa inawaka. Unavuma!

Mke wangu Edina hunisema kwamba natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Leo nimekutana na programu yenye tabia hiyo hiyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Denis wa kitengo cha kompyuta pale wizarani. Enzi zangu nilikuwa napitisha barua zake za likizo, kwa hiyo ananiheshimu, au angalau anapokea simu.

Amenieleza. Programu ya kunakili haigusi mtambo wa CD yenyewe. Hairuhusiwi. Inatoa ombi, ombi linapokelewa na programu nyingine iliyokaa katikati, hiyo ndiyo inayojua kusema na mtambo. Inalipeleka, inasubiri, inarudi na jibu. Programu yangu ni ya zamani, inamtafuta mtu wa katikati anayeitwa ASPI, naye kwenye kompyuta yangu hayupo. Kompyuta ina mtu wake mwenyewe wa katikati tangu ilipotengenezwa, ila programu yangu haimfahamu. Kwa hiyo ama nimtafute huyo ASPI nimweke, ama nitafute programu mpya.

Nikasimama! Miaka mitatu ninayo kompyuta hii, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mle ndani kuna masjala!

Mambo yote yakaeleweka. Barua haiendi kwa Katibu Mkuu moja kwa moja kama kuku aliyekata kamba. Inaandikwa "Kupitia kwa", inapita kwa mkuu wa kitengo, kwa mkuu wa idara, kila mmoja anaweka saini yake. Mimi mwenyewe nimewahi kuhudumia barua iliyopita kwa watu kumi na mmoja. Mihuri kumi na mmoja! Iliporudi, mwombaji alikuwa ameshastaafu, lakini barua ilikuwa safi. Hakuna aliyerukwa.

Denis akauliza kama nimejaribu tu kuibonyeza diski isikike. Nikamkumbusha kazi ni kazi: juu ya diski imeandikwa kwa wino BINAFSI. Karani wa masjala hafungui jalada la binafsi. Analinakili akiwa ametazama pembeni. Denis akasema ana kikao.

Saa nane nikampata ASPI mtandaoni, nikamweka. Programu ikauona mtambo papo hapo! Nikapiga makofi peke yangu dukani.

Ningeweza kunakili pale pale. Lakini nikatafakari. Karani mmoja tu? Akiugua? Akienda likizo? Ofisi ya karani mmoja ni ofisi ya hatari. Nina flashi ya programu tangu 2012, na humo zimo programu tano za kuchoma CD, kila moja ikiahidi kuja na mtu wake wa katikati. Nikaziweka zote tano. Jumla makarani sita. Kesho nitanakili, kikosi kikiwa kamili.

Nimemwambia Edina kwamba kazi imekwisha isipokuwa kuifanya.

Jumatano, 18 Juni

Mtambo wa CD umetoweka.

Sisemi umeharibika. Umetoweka! Kapicha hakapo. ASPI haoni kitu, programu zote sita hazioni kitu, kompyuta yenyewe inaapa haijawahi kuwa na mtambo wa CD maishani mwake. Mimi nimekaa mbele yake nimeushika kwa mkono.

Na diski ya Bi Damyanti imo ndani. Nimebonyeza kitufe cha kutolea. Droo imegoma. Nimebonyeza kwa upole, nimebonyeza kwa nguvu, nimebonyeza huku natazama pengine. Imegoma.

Nimezima, nimewasha, mara kumi na nne. Nimeandika kila mara kwenye jalada, na saa.

Jioni Bi Damyanti akapiga simu kuuliza. Nikamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Akasema kwamba marehemu mumewe aliambiwa maneno hayo hayo alipoomba kuunganishiwa maji, na bomba lilifika wakati wa msiba wake. Nikamwambia asiwe na hofu. Mimi hofu ninayo, tena kubwa, lakini si ya kumgawia mteja.

Ng'ambo, bango la Restuta linawaka. Mchana! Umeme wa bure huo?

Alhamisi, 19 Juni

Nimebuni mbinu ya hali ya juu. Nimekwenda kwa Restuta kwa siri. Siri yenyewe: nilimwambia kwamba nina rafiki anaishi Mvumi, na rafiki huyo ndiye mwenye tatizo.

Restuta aliniamkia vizuri, akanipa kiti, hilo siwezi kumnyima. Nikaeleza tatizo la rafiki. Akauliza rafiki ameweka programu ngapi za kuchoma CD. Nikasema sita. Akarudia: sita? Nikasema rafiki yangu ni mtu makini.

Akaeleza kwamba kila programu ya aina hiyo huacha kitu chake mlangoni pa mtambo wa CD, ili kila ombi lipitie kwake. Mmoja hana shida. Wakijazana, kila mmoja anataka ombi lipite kwake kwanza, wanakwama, na kompyuta ikiona fujo hiyo inaacha kabisa kuufungua mtambo. Mtambo ni mzima. Diski ni nzima. Njia ndiyo imezibwa. Rafiki aziondoe zote, na masalia yake yafutwe kwenye orodha ya ndani ya kompyuta, abaki yule mmoja wa mfumo wenyewe. Na akishindwa amletee, hata bure.

Halafu akanitazama sana. Akasema, "Mzee, mwambie rafiki yako asione aibu." Akaongeza kwamba Bi Damyanti alipita kwake jana kuuliza kama kazi za namna hiyo huchukua siku nyingi.

Sijui alimaanisha nini kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Nikarudi dukani nikaziondoa zote. Yaani zile picha zake pale kwenye uso wa kompyuta: nikazishika moja moja nikazitupa kwenye pipa. Kwa kila moja nikaandika barua ya kustaafishwa kwa manufaa ya umma na kuiweka kwenye jalada. Nikazima, nikawasha.

Mtambo haupo!

Kwa hiyo ushauri wa Restuta haufanyi kazi. Nilijua. Nimekaa nikafikiri mpaka chai ikapoa, na hatimaye nikaliona tatizo lenyewe, ambalo binti wa miaka ishirini na saba hawezi kuliona kwa sababu hajawahi kufanya kazi chini ya mtu. Tatizo si wingi wa makarani. Makarani hawana msimamizi.

Nimepata programu ya kusimamia mitambo ya CD. Nimeiweka. Wa saba.

Ijumaa, 20 Juni

Siku mbaya. Au nzuri. Niiandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi, mtambo haupo. Msimamizi ameleta dirisha jekundu lenye maandishi ambayo sikuyaelewa, kisha naye akaganda.

Saa tano Bi Damyanti akaingia, mara hii bila kusukumwa na upepo. Hakutaka kiti. Nikampa jalada, kurasa kumi na tisa, aone jinsi suala lake lilivyotunzwa. Akalipekua taratibu.

Akaniuliza hii michoro ya mishale ni nini. Nikamweleza: huyu hapa ni ASPI, huyu wa pili, huyu wa tatu, mpaka msimamizi, na hapa mwisho kabisa ndiyo diski. Akauliza kwa hiyo kati yake na sauti ya mume wake wamekaa wangapi. Nikajibu kwa fahari kwamba ni saba.

"Na wewe wa nane," akasema.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali. Akasema amekaa na diski hiyo miaka kumi na tisa chini ya nguo zake, na hajawahi kuwa mbali nayo kama wiki hii. Akaweka jalada mezani, akavuka barabara. Nikamwona anaingia kwa Restuta. Nikaona aibu. Naandika wazi kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu: niliona aibu hata nikaligeuza jalada kifudifudi.

Wakarudi wawili. Restuta akaniamkia kana kwamba hatujaonana jana. Hakumtaja rafiki yangu wa Mvumi hata kidogo. Nilimshukuru moyoni.

Akaomba nywila ya mwenye kompyuta. Nywila yangu imo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya kabati, na hufunguliwa kwa maombi ya maandishi. Nikaanza kumweleza utaratibu. Bi Damyanti akanitazama. Nikaifungua bahasha kwa mdomo.

Restuta akaingia ndani kabisa ya kompyuta, sehemu ambayo sijawahi kufika. Wote saba walikuwepo! Barua zangu za kustaafu hawakuzipokea. Nilikuwa nimewanyang'anya vibao vya majina tu, wao wamekaa vitini. Akawaondoa mmoja mmoja, akafuta masalia, akazima. Kisha akaomba kibanio cha karatasi. Nina maboksi matatu. Akakinyoosha, akakichomeka kwenye kitundu kidogo sana mbele ya mtambo, na droo ikatoka. Hicho kitundu nimekitazama siku tatu nikidhani ni kasoro ya kiwandani.

Akaifuta diski kwa kitambaa laini, akairudisha, akawasha. Kapicha ka CD hako! Kamerudi na karani mmoja tu, yule aliyezaliwa na kompyuta.

Restuta akauliza kama ajaribu sekunde chache, kuhakikisha sauti ipo. Nikaanza kusema kuhusu lile neno BINAFSI. Bi Damyanti akatikisa kichwa kumkubalia. Restuta akabonyeza.

Ukapita mvumo. Kikohozi. Kisha sauti ya mwanamume, karibu sana, kama amesimama nyuma ya mashine yangu ya fotokopi.

"Damyanti, imeshawaka hii?"

Naye Bi Damyanti, hapo hapo dukani kwangu, akajibu: "Imewaka."

Kisha akafunika mdomo. Akamwomba Restuta asimamishe, yaliyobaki ni ya Krina.

Restuta akanakili kwenye flashi kwa programu iliyokuwemo kwenye kompyuta muda wote. Dakika sita. Mimi nilikuwa nje, naangalia bango lake. Linawaka vizuri, siwezi kubisha.

Jumamosi, 21 Juni

Tumealikwa arusini! Mimi, Edina, na Restuta. Bi Damyanti alituma kadi tatu. Yangu nimeiweka kwenye jalada.

Ukumbi umepambwa kweli. Chakula kingi, kitamu, bila nyama. Edina alikula sahani mbili akanikataza nisiulize tena kuhusu nyama.

Kabla ya chakula, sauti ya marehemu Kishan ikawekwa. Krina alikuwa amekaa karibu na bibi yake, mikono imejaa hina. Mzee alisema Kigujarati kidogo, Kiswahili kingi. Alimwambia Krina kwamba angeweza kumwachia baba yake maneno haya, au wajomba, au kuyaandika, lakini maneno yakipitia vinywa vingi hufika yamechoka. Kwa hiyo anamwambia mwenyewe. Akamwombea heri. Akamwomba asimwache bibi yake ale peke yake siku za sikukuu. Halafu akakohoa, akauliza inazimwaje hii, na sauti ya Bi Damyanti, ya miaka kumi na tisa iliyopita, ikasema aiache tu iendelee. Ikaendelea: feni, kiti, kimya cha chumba. Kisha ikakatika.

Nililia. Edina alinipa pindo la khanga yake bila kunicheka. Krina alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake na hakuna aliyekumbuka chakula kwa muda mrefu.

Nimejifunza jambo kubwa leo. Nitaliandika Jumatatu nikiwa na kichwa kizuri.

Hotuba yenyewe ilikuwa safi kabisa. Haikuwa na kumbukumbu namba, lakini safi.

Jumatatu, 23 Juni

Jambo nililojifunza ni hili: Restuta ana kipaji, lakini amekaa wazi mno. Mteja anavuka barabara na kumwona moja kwa moja! Hakuna anayempokea, hakuna anayesajili, hakuna wa kusema "subiri kidogo". Ndiyo maana anachoka. Nimemsaidia. Nimechapa tangazo nikalibandika mlangoni kwangu: WATEJA WOTE WA RESTUTA WAPITIE HAPA KWANZA. Fomu zipo, nakala tatu.

Asubuhi mama mmoja mwenye simu iliyopasuka alilisoma lote, akanisalimu kwa heshima, akavuka barabara.

Saa sita akaja Bi Damyanti, anacheka, nimefurahi kumwona anacheka. Flashi amempa Krina aondoke nayo kwake Singida. Sasa anataka nakala yake mwenyewe, na ameileta tena ile diski. Lakini Restuta alikuwa ameitwa Nzuguni kutengeneza kompyuta ya shule. Bi Damyanti akasita sana mlangoni. Akanipa diski, akaniambia nimpe Restuta akirudi. Akalirudia hilo mara mbili: nimpe tu, basi.

Nimpe. Yaani ipitie kwangu!

Sasa jamani, binti atarudi amechoka, vumbi la Nzuguni mpaka kwenye nyusi. Ni ungwana gani kumkabidhi kazi ambayo mtu mzima angeweza kuitanguliza? Nikaingiza diski. Ikavuma vizuri. Kapicha hako. Na safari hii siendi kwa kubahatisha, najua kosa la wiki iliyopita lilikuwa wapi: msimamizi alikuja mwisho, akakuta makarani wameshazoea uvivu. Leo nimemweka yeye kwanza. Kisha ASPI. Kisha wale watano. Kisha wawili wapya niliowapata leo leo, wa akiba. Jumla tisa, kwa mpangilio, kila mmoja na barua yake ya ajira.

Nimezima, nimewasha.

Mtambo umetoweka. Droo imegoma. Diski imo ndani.

Namwona Restuta anashuka kwenye bodaboda pale ng'ambo, anajifuta vumbi, anasoma tangazo langu kwa mbali. Anavuka.

Sielewi kabisa. Labda bado ni wachache.